Mwacheni Dogo wa Mbele Aseme

Ukipanda boti ya mizigo kutoka mwambao wa Geita kwenda visiwani, tazama mbele kabisa, pale mbao zinapokutana. Utamwona kijana amekaa peku, kamba mkononi, kopo la kukumbia maji liko miguuni pake. Abiria hawamjui jina. Nahodha humwita "dogo", na dogo huitika hata akiitwa kwa mluzi. Boti ikifika mwaloni yeye ndiye anayeruka majini kuishika isigonge mawe. Maji yakijaa ndani yeye ndiye anayeyakumba. Nahodha amekaa nyuma kabisa kwenye injini, na katikati yao wamepangwa abiria waliojifunika kanga kwa ajili ya upepo, magunia ya mahindi, makreti ya soda na mifuko ya saruji. Kwa hiyo mambo mengi yaliyo mbele ya boti huonwa na dogo kwanza, kisha nahodha huyapata kwake.

Nilikaa pale mbele nilipokuwa kijana. Siku hizi nakaa nyuma, mkono kwenye injini. Ninaandika haya kwa sababu kila msimu naona wazazi wa kwetu wakileta watoto wao ziwani wajifunze kazi, wanawakabidhi kwa mtu wasiyemjua, na wakisikia mtoto anapigwa wanasema kazi ndivyo inavyofundishwa. Nataka niwaeleze kinachotokea ndani ya boti yenye nahodha wa namna hiyo, maana hatari yake haiishii mgongoni mwa mtoto wao.

Kwetu ni Samuye, katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga. Sisi si watu wa maji. Ni watu wa majaruba ya mpunga, pamba, dengu na ng'ombe, na maji tuliyoyazoea ni ya lambo. Mvua ikikataa, kijana wa Samuye huangalia dhahabu. Wengine huenda Mwakitolyo, ambako ni ndani ya halmashauri yetu hiyohiyo. Wengine huvuka hadi Geita, kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Mimi nilikwenda ziwani kwa sababu moja tu: mjomba wangu alikuwa mchuuzi wa dagaa, alikuwa akishusha magunia Tinde na Shinyanga mjini, na aliniambia kule visiwani injini ni nyingi kuliko watu wanaojua kuziendesha. Mayu, mama yangu, hakupenda. Alinifungia karanga za kukaanga kwenye kitambaa akaniambia, "Mwanangu, kule hakuna mti wa kushika." Wakati huo daraja la Kigongo hadi Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, halikuwapo. Tulivuka kwa kivuko, na hapo ndipo nilipoyaona maji mengi kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Kazi yetu haina shule mlangoni. Kuna tajiri, mwenye boti na injini, ambaye aghalabu hakai mwaloni. Kuna nahodha, aliyekabidhiwa chombo na hesabu. Kuna vibarua wa mizigo. Chini ya wote kuna anayejifunza. Hakuna karatasi inayosainiwa. Mjomba anamwambia nahodha, "Huyu ni mwanangu, mfundishe," nahodha anaitikia, wanapeana mikono, basi. Kuanzia hapo unakula unachopewa, unalala kambini au ndani ya boti ulinde injini, na ukiuliza habari ya pesa unajibiwa kwamba malipo yako ni ujuzi.

Ujuzi wenyewe upo, tena mwingi, na ni vizuri msomaji aujue ili aone kilichokuwa kinafichwa. Kuna kupanga mzigo, ambako mtu wa nchi kavu hudhani ni suala la nguvu: saruji inalala chini katikati, magunia mepesi yanakwenda juu, na abiria hakai upande mmoja hata kama upande huo una kivuli. Kuna injini: kupima oili ya kuchanganya na petroli, kusafisha plagi, kubadilisha pini ya pangaboi gizani huku boti inayumba. Kuna upepo. Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku upepo hugeuka ukaelekea ziwani, na dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzaliwa usiku katikati ya maji, wakati wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao. Halafu kuna mawe. Hayo hayajifunzwi mara moja ukamaliza, kwa sababu ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 lilipanda mno, likafunika mawe ambayo kila mtu aliyajua na kumeza nyumba za mialoni. Jiwe ulilozoea kulikwepa kwa kuliona, mwaka mwingine unalikwepa kwa kukumbuka.

Nahodha wangu wa kwanza aliyajua yote hayo. Sisemi uongo juu yake: alikuwa na mkono mzuri kwenye injini, na aliweza kuingia mwalo mwembamba usiku bila tochi. Sitataja jina lake wala mwalo wetu. Akifungua kifuniko cha injini aliniambia nigeuke nitazame ziwa. Nikigeuka kidogo, kopo lilinifika kichwani. Aliniagiza nifunge kamba kushoto, nikiifunga aliniuliza mbele ya abiria kwa nini sikufunga kulia, na abiria walicheka kwa kuwa walidhani ni utani. Samaki tulipopika mimi nilipata mchuzi. Jina langu alilijua lakini aliniita "Msukuma wa porini", ilhali nusu ya watu waliokuwa mwaloni pale ni Wasukuma. Alikuwa akifanya utemi wa mtu aliyehakikishiwa kwamba hakuna wa kumuuliza.

Nilipomweleza mjomba, aliniambia, "Vumilia. Mimi nilipigwa zaidi." Wazee wa mwaloni waliongezea methali wanayoipenda, ya mchelea mwana kulia. Nimeifikiria sana hoja yao kwa miaka mingi, kwa sababu si wazee wabaya, na kazi ya majini kweli haitaki mtu legelege. Ila kila walipoitetea fimbo, walitaja mambo niliyojifunza kwa kutazama kwa siri. Hakuna hata moja waliloweza kulitaja ambalo fimbo ilinifundisha.

Sasa nieleze jioni ya jiwe.

Tulikuwa tunatoka bara kwenda kisiwani tumebeba mahindi, soda na abiria, tumechelewa kwa sababu mteja mmoja aliongeza mzigo. Jua limeshuka mbele yetu, maji yanang'aa hadi macho yanauma. Kulikuwa na mahali ambapo mawimbi yalivunjika vibaya. Kila penginepo yalikuwa yanakuja kwa mistari, pale yalikuwa yanachemka. Nilisimama nikanyoosha mkono.

"Mzee, mbele kulia kuna jiwe."

"Kaa chini."

"Mzee, naliona, liko karibu."

"Nani nahodha humu?"

Kibarua aliyekaa karibu yangu, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa analiona kama mimi. Alitazama chini akaanza kufungafunga gunia ambalo lilikuwa limeshafungwa. Simlaumu. Alikuwa amekwisha kulipia maneno yake huko nyuma. Boti ilipita juu ya jiwe kwa mshindo, pangaboi likavunjika, injini ikalia bila kusukuma kitu, nasi tukaanza kwenda ziwa linakotaka. Mama mmoja alimfunga mtoto wake kwa kanga kwenye dumu tupu. Majaketi okozi yalikuwapo machache, yamefungwa pamoja kwa kamba chini ya magunia ili yasiibiwe. Tuliokolewa na watu wa dagaa waliokuwa wanatoka kutega, wakatuvuta hadi kisiwani usiku.

Asubuhi yake nahodha alifanya hesabu mbele ya vibarua. Pangaboi, pini, mafuta yaliyopotea na pesa ya waliotuvuta, vyote akaviandika kwangu. Sababu: mimi ndiye nakaa mbele, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Nilimjibu. Mtoto wa Samuye hajafundishwa kumjibu mkubwa, na sauti ilinitetemeka, lakini nilimjibu: "Nilikwambia, mzee, ukaniuliza nani nahodha." Alinivamia na upondo. Nikaudaka, tukabaki tumeushika wote wawili, yeye anavuta na mimi navuta, hadi vibarua walipotutenganisha. Yule mtu mzima aliyekuwa anafunga gunia ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini lakini kila mtu akasikia, "Dogo alisema kweli. Mimi nilisikia."

Mwaka mmoja baada ya kupata boti ya kuongoza mwenyewe, mwalimu wa sekondari wa kwetu alinisimulia kisa cha Mmarekani ambacho kilinifanya nisilale. Nikamwomba anitafsirie kitabu cha Mmarekani huyo ukurasa kwa ukurasa. Samuel Clemens, ambaye dunia inamjua kwa jina la Mark Twain, kabla hajawa mwandishi alikuwa dogo wa meli za mvuke kwenye mto Mississippi. Alianza mwaka 1857, akiwa na miaka 21, chini ya rubani aitwaye Horace Bixby, kwa makubaliano ya kumlipa dola 500 kwa mafunzo. Bixby alikuwa na hasira za karibu. Aliguta, alitukana, lakini alipomaliza kuguta alimwambia kijana atafute daftari na kuandika kila anachoambiwa, na akamfundisha mto kona kwa kona.

Baadaye Bixby alimwachia rubani mwingine, William Brown, kwenye meli iitwayo Pennsylvania. Brown alikuwa mtu wa kutafuta kosa. Kwa simulizi ya Clemens mwenyewe, siku moja nahodha wa meli, Klinefelter, alimtuma mdogo wake Samuel, Henry, ambaye naye alifanya kazi melini, kumwambia Brown asimame kwenye gati fulani. Henry alisema. Brown hakuitika, na meli ikapita gati. Alipoulizwa, Brown alidai hakuambiwa, na baadaye akamwita Henry mwongo na kumfuata na bonge la makaa ya mawe. Samuel akampiga Brown kwa kiti, akaendelea kumpiga, huku meli yenye abiria inakwenda kwa kasi kamili na hakuna mtu kwenye usukani.

Nahodha alimpenda Samuel kwa hilo, lakini Brown alikataa kusafiri naye tena, hivyo Samuel akashuka New Orleans. Henry akabaki melini. Tarehe 13 Juni 1858 maboila ya Pennsylvania yalilipuka karibu na Memphis. Brown alikufa. Henry alikufa siku chache baadaye, hajatimiza miaka 20. Samuel alipata leseni yake ya urubani Aprili 1859, na mlipuko ule aliubeba maisha yake yote, kwa sababu yeye ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi kwenye meli ile.

Wengi wakisimuliwa kisa hiki hushangilia kile kiti. Mimi nilishika upondo, najua hasira ile ina ladha gani. Lakini nikiwa nahodha sasa, kinachonishika ni kile kilichotokea kabla: ujumbe ulitolewa, mtu mkubwa hakutaka kuupokea kwa kuwa ulitoka kinywani mwa mdogo, na kosa likarudishwa kwa mdogo. Ni hesabu ileile ya pangaboi langu, miaka mia na hamsini kabla na ng'ambo ya bahari. Mlipuko wa maboila hausababishwi na ugomvi wa watu wawili, na sitaki kudanganya kwamba ulisababishwa. Ila meli ambayo mdogo akisema anapigwa kwa makaa, ni meli ambayo hakuna atakayekwenda kusema chochote kuhusu boila pia.

Wenye ndege walilijifunza hili kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani katika ukungu, wakafa watu 583. Ndege moja ilianza kuruka bila ruhusa. Ndani yake fundi wa ndege alikuwa ameuliza kama njia iko wazi kweli, na rubani mkuu, mtu mwenye sifa kubwa katika shirika lake, akamjibu kwa uhakika kwamba iko wazi. Hakuuliza tena. Tangu enzi hizo marubani wa dunia nzima wanafundishwa jambo ambalo zamani lilionekana utovu wa adabu: mdogo aseme, arudie kusema, na mkubwa ajibu alichoambiwa badala ya kumjibu aliyekisema.

Sisi wa ziwani hatukukosa sababu za kujifunza. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, na makaburi ya Igoma bado yapo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 100 hivi. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Siku zile Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Kauli ile ilizungumzwa sana mialoni kwetu, nami naikumbuka kwa sababu ya swali alilouliza kijana mmoja wa boti ya jirani: "Sasa kama kila nahodha anaficha kazi, huyo mwenye mafunzo atatoka wapi?" Hakuna aliyemjibu. Nahodha anayemfanya dogo ageuke akifungua injini anajilinda asije akachukuliwa nafasi. Siku akiugua, au akilewa, au akiamua kushuka, boti inabaki na mtu aliyefundishwa kutazama ziwa tu.

Narudi kwenye ugomvi wangu, kwa sababu ulikuwa na mwisho, na mwisho wake una mambo ya kumsaidia mtu.

Baada ya kutenganishwa nilikwenda kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi kilichopo kila mwalo. Mwenyekiti alinisikiliza akasema suala la boti na dogo ni la nyumbani, halimhusu. Lakini alimpigia simu tajiri. Tajiri alikuwa mama mfanyabiashara wa Geita mjini. Alikuja kesho yake, akakaa kwenye kreti la soda, akatuita mmoja mmoja.

"Mwanangu, nani alikuwa mbele?"

"Mimi, mama."

"Uliliona?"

"Nililiona, mama, nikasema mara mbili."

"Na wewe baba," akamwambia yule mtu mzima, "ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

Nahodha alieleza kwa kirefu habari za jua na mawimbi. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akafuta deni langu. Hakumfukuza, kwa kuwa nahodha wa kumrithi hakuwapo, na mimi hakunilipa chochote kwa miezi yote niliyofanya kazi. Aliniuliza kama nataka kwenda kwenye boti yake nyingine. Wakati ule niliona amenitendea wema mkubwa mno. Leo najua kwamba alinipa sehemu tu ya kilichokuwa changu.

Najua kwa sababu nimesoma sheria, na ningependa kila mzazi wa Samuye aisome au asomewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 5, inakataza kumwajiri mtoto mwenye umri chini ya miaka 14 kwa kazi yoyote. Kisha inasema aliye chini ya miaka 18 asiajiriwe mgodini, kiwandani, wala kuwa miongoni mwa mabaharia wa chombo. Angalia mpangilio huo: mgodi na chombo cha majini vimewekwa sentensi moja. Njia zote mbili ambazo vijana wetu huzikimbilia mvua ikikosa, ya duara na ya ziwa, zimefungwa kwa mtoto na kifungu kimoja. Mimi wa miaka kumi na sita sikutakiwa kuwa pale kabisa. Aliyetimiza miaka 18, huyo kazi ni halali kwake, nayo ina masharti.

Sharti la kwanza ni kwamba maneno "huyu anajifunza tu" hayamwondolei mtu haki. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa ikiwa kuna hata dalili moja kati ya zilizotajwa: anafanya kazi chini ya amri ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea huyo kwa riziki. Dogo wa boti anazo karibu zote, hata kama hajawahi kuona mkataba. Sharti jingine ni la makato, na hili ndilo lililonigusa. Mwajiri hawezi kukata pesa kwa kitu kilichoharibika kwa kutangaza tu mbele ya watu. Lazima uharibifu uwe umetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kumpiga mtu hakuna kifungu cha kazi kinachokuruhusu. Hilo ni jinai, na ni la polisi.

Malalamiko ya kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu huiita CMA. Unajaza fomu namba 1. Muda ni mfupi, na wengi hupoteza haki hapo: ukifukuzwa una siku 30, na kwa madai mengine kama ujira siku 60. Kijana anayekwenda kwanza nyumbani kusubiri mavuno halafu akarudi kudai, anaweza kukuta mlango umefungwa. Na ukienda, uende na mtu aliyesikia. Mimi nisingepata hata kile kidogo bila yule baba kutoa sauti, na alijua anaweza kupoteza kibarua chake siku ileile.

Kwenye duara mambo hayatofautiani sana, naambiwa na wenzangu waliokwenda upande huo. Anayejifunza hushuka na wanaapolo, yaani wachimbaji, hapewi mgawo wa mifuko kwa kuwa "bado mgeni", na akisema udongo unamwagika juu ya matimba, zile mbao za kushikilia shimo, anaulizwa kama anaogopa. Rafiki yangu wa utotoni aliacha duara kwa sababu hiyohiyo, akarudi kulima mpunga. Anaitwa mwoga hadi leo. Namheshimu.

Boti ya pili ya yule mama ilikuwa na nahodha mzee kutoka Ukerewe. Nilimwita babu, naye aliniita mjukuu. Asije mtu akadhani alikuwa mpole. Siku ya kwanza nilipanga mzigo vibaya, akaguta hadi ndege wakaruka kwenye mawe, kisha akaniamuru niushushe wote na kuupanga upya wakati abiria wanasubiri. Tofauti yake na yule wa kwanza niliielewa jioni, aliponikalisha kwenye mchanga akachora boti kwa kijiti na kunionyesha kwa nini ingelala upande. Hasira yake ilikuwa juu ya mzigo. Ulipopangwa sawa, hasira ikaisha, haikuja na chakula cha usiku.

Alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwingine. Nilipokaa mbele, nilitakiwa niseme kila ninachokiona: kundi la ndege, rangi ya maji, wingu, mtumbwi usio na taa, chochote. Naye alitakiwa kukijibu. "Jiwe kushoto." "Nimesikia, jiwe kushoto." Nikisema kitu ambacho si kitu, kivuli cha wingu nikakiita jiwe, alisema vilevile, "Nimesikia," akapunguza mwendo, akatazama, akaendelea. Hakunicheka. Mara nyingi nilikosea, na kila kosa lilitugharimu dakika chache za petroli. Injini alinifungulia wiki ya kwanza. Plagi ya kwanza niliyobadilisha gizani, yeye alishika tochi.

Kwa vijana wenye ujuzi wa namna hii lakini hawana cheti, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, na kwa anayetaka kusoma uvuvi rasmi, Chuo cha FETA cha Nyegezi kipo Mwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Nahodha asiyeuliza utabiri kabla ya kutoka, mzazi ana haki ya kumuuliza kwa nini. Na kabla hujamkabidhi mtu mwanao aliyetimiza umri, panda boti yake mara moja kama abiria. Kaa karibu na mbele. Sikiliza dogo akisema kitu, nahodha anajibu nini.

Kwenye boti ninayoongoza sasa, kijana wangu ana miaka kumi na tisa, anatoka vijiji vya jirani na kwetu. Nimemwandikia mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mama yake anayo nakala. Majuzi tulikuwa tumeshawasha injini, mzigo wa saruji umeingia, mwenye saruji amekaa juu yake, kijana akasema kutoka mbele: "Kaka, maji yamefika kwenye mstari." Nilikuwa na haraka na nilikuwa na uhakika tunaweza kufika. Nikasema, "Nimesikia, maji kwenye mstari," nikazima injini. Tulishusha mifuko hadi mstari huo wa kikomo cha mzigo ukaonekana wote. Mwenye saruji alilalamika sana, akadai punguzo la nauli, nikampa. Kisiwani tulifika jioni, na mifuko iliyobaki tukaifuata asubuhi yake.